Ua wa Wapangaji

Mtu aliyepanga chumba Kariakoo katika miaka ya 1950 alilipia kuta nne, dirisha moja na mlango uliofungukia ukumbini. Kitanda kikishaingia, na sanduku la nguo likishasukumwa mvunguni, nafasi iliyobaki ilitosha mkeka mmoja. Chumbani hapakupikwa wala hapakufuliwa, na watoto walifukuzwa humo kukicha. Mambo hayo yote yalikuwa na mahali pake: mwisho wa ukumbi, nyuma ya mlango wa mbao ambao mchana haukufungwa, palikuwa na ua. Mwenye nyumba alipotaja kodi alitaja chumba tu. Ua ulikuja pamoja na chumba bila kuhesabiwa, na haukuwa wa mpangaji yeyote peke yake, lakini ndiko familia ilikoamkia, ikapika, ikalea, ikauguza wagonjwa na kuzungumza hadi usiku.

Habari za bandari, reli, soko na mikutano ya Mnazi Mmoja zimeandikwa sana. Ua wa nyumba ya kupanga umeachwa pembeni, ingawa nusu ya maisha ya mji ilipitia hapo. Kila kizazi cha wapangaji kilikuta kipande cha ardhi kisicho chake, kikakitengeneza kiwe mahali pa kuishi na watoto, kwa vitu ambavyo siku ya kuhama vingebebwa kichwani au kuachwa bila hasara kubwa. Kazi hiyo ilifanywa zaidi na wanawake, kwa mikono yao na kwa senti zao.

Nyumba yenye ua ni ya kale pwani kuliko Dar es Salaam yenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni alipokewa dakani, na aliyeruhusiwa kuingia zaidi alifika kiwandani, uwanja wa ndani ulioachwa wazi juu ili vyumba vilivyouzunguka vipate mwanga na hewa. Watu wasio na mali ya kujengea mawe walikuwa na mpango wao: boriti za mikoko, fito, udongo uliokandikwa, paa la makuti, baraza mbele, na nyuma uwanja uliozungushiwa kitalu cha makuti. Nyumba za namna hiyo ndizo zilizojaza mji ambao Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860.

Wajerumani walipoufanya mji huo makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, walitoa mwaka huohuo amri ya ujenzi iliyogawa mji kwa kanda: mahali pa majengo ya Kizungu, na mahali palipoachiwa vibanda. Waingereza walikuja kuurithi mgawanyo huo na kuendelea nao. Kuelekea Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Kijerumani ilinunua shamba kubwa magharibi ya Mnazi Mmoja, ikapima humo viwanja vidogo kwa mistari iliyonyooka na kujenga jengo la soko ambalo vita vilikuja kabla halijatumika. Septemba 1916 mji ulitekwa na Waingereza, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na jina la Kariakoo likabaki hapo hadi leo. Soko lilifunguliwa mwaka 1923. Kandokando ya mitaa ile iliyonyooka zikasimama nyumba za vyumba sita: vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati.

Mpango huo uliafiki upangishaji kuliko mwingine wowote wa wakati ule. Kila chumba kilikuwa na mlango wake ukumbini, kwa hiyo mtu aliweza kuingia na kutoka bila kupita kwa mwenzake. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, mara nyingi cha mbele, akapangisha vilivyobaki, na kodi ya wapangaji ndiyo iliyomlisha uzeeni. Wageni wa mji hawakukoma kuja. Sensa ya 1948 ilikuta watu wapatao 69,000 Dar es Salaam. Ile ya 1957 ikakuta kama 129,000. Mwaka 1956, afisa wa serikali J. A. K. Leslie alifanya uchunguzi mrefu juu ya maisha ya wakazi Waafrika wa mji, akauchapisha mwaka 1963, na anayeusoma leo anaona wazi kwamba mji wote uliegemea mwenye nyumba mdogo wa aina hiyo: mtu mmoja, nyumba moja, vyumba vichache vya kupangisha. Ramani ileile ya vyumba ilifika Tabora na Ujiji, ikafika Pumwani huko Nairobi, na Buyenzi huko Bujumbura.

Basi huko nyuma palikuwaje?

Aliyetoka ukumbini alikuta kwanza kibaraza chembamba chini ya mteremko wa paa. Upande mmoja palijipanga mabanda ya jiko na stoo. Pembeni kabisa, mbali na jiko kadiri kiwanja kilivyoruhusu, palikuwa na choo cha shimo na bafu lisilo na paa. Katikati uwanja. Kila familia ilikuwa na mafiga yake matatu au jiko lake la mkaa, na kila jiko lilikuwa na sehemu yake iliyojulikana hata kama hapakuwa na alama yoyote. Kinu kilikuwa kimoja kwa nyumba nzima, mara nyingi cha mwenye nyumba, na mchi uliposikika alfajiri wote walijua nani anatwanga. Mbuzi ya kukunia nazi iliazimwa kutoka mlango hadi mlango.

Mpangaji mpya alipokea ua kama alivyoukuta, kisha akaanza kuongeza. Kazi ya kwanza kwa kawaida ilikuwa kichanja cha vyombo: miti minne iliyochimbiwa, fito juu yake, na masufuria yakakauka juani mbali na kuku na mchanga. Kisha kamba ya kuanikia nguo, ambayo ilizua ugomvi mwingi kuliko kitu kingine chochote uani, kwa kuwa jua la asubuhi lilikuwa upande mmoja tu. Kisha upenu, yaani paa dogo la makuti au la mabati ya madebe yaliyokunjuliwa, lililoegemezwa ukutani ili mvua ya masika isizime moto. Debe la mafuta ya taa lilikuwa na kazi nyingi: lilichotea maji, lilipimia nafaka, lilipasuliwa kuwa bati, na likitobolewa chini lilipandwa ua la asumini.

Njia ya kwendea chooni ilitandikwa vipande vya mawe ya matumbawe ili watoto wasikanyage tope wakati wa mvua. Chini ya mlizamu liliwekwa pipa, na maji yake yalitumika kufulia, maana maji ya bomba yalitoka mbali na foleni ilikuwa ndefu. Asubuhi ardhi ilinyunyizwa maji kidogo, kisha ikafagiwa kwa fagio la chelewa hadi mistari ionekane. Waliokua katika nyua hizo huikumbuka kazi hiyo kwa sababu waliamshwa kuifanya kabla ya kwenda chuoni au shuleni.

Joto la Januari na Februari lilitoa watu vyumbani. Kitanda cha kamba kilihamishiwa uani kwa mgonjwa au mzee, na watoto walilala jamvini wakisimuliwa hadithi. Mchana walicheza mdako kivulini. Kombolela na rede, michezo inayotaka kukimbia, ilipelekwa barabarani, ambako magari yalikuwa machache. Wasichana waliokaribia kuolewa walisingwa huko nyuma, nywele zilisukwa huko, hina ilipakwa huko. Msiba ukitokea, wanaume walikaa barazani na wanawake uani, na vyungu vya matanga vilipikwa kwenye mafiga ya wapangaji wote bila kuuliza yapi ni ya nani. Ua wa nyumba yenye familia sita ulilea watoto wa familia sita. Mama aliyekwenda sokoni hakuhitaji kumtafutia mwanawe mwangalizi.

Lakini kuna jambo moja ambalo mpangaji hakuwa huru kulifanya, nalo ndilo lililoamua sura ya nyua za pwani hadi leo. Hakupanda mti wa kudumu.

Desturi ya mwambao ilikubali ardhi iwe ya mtu mmoja, nyumba iliyo juu yake iwe ya mwingine, na mti ulio kando ya nyumba uwe wa mtu wa tatu. Mnazi au mwembe ulirithiwa, uliuzwa, uliwekwa rehani na ulitolewa mahari peke yake, mbali na ardhi uliposimama. Kwa hiyo mwenye ardhi aliyemruhusu mtu kukaa hakuchelea muhogo wala mahindi. Alichelea mti, kwa sababu mti ulikuwa dai. Katika mashamba ya Unguja baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1897, waliokaa kwenye ardhi ya wenye mashamba waliruhusiwa kulima mazao ya msimu katikati ya mikarafuu na minazi, ila mti wa kudumu hawakuruhusiwa kuupanda. Muhogo ukishang'olewa hauachi neno. Mnazi huishi kuliko mtu.

Mjini hali ilifuata mkondo huohuo. Ng'ambo ya Zanzibar, ng'ambo ya ule mkono wa bahari ulioitenga na Mji Mkongwe, ilijaa nyumba za udongo zilizojengwa juu ya ardhi ya matajiri na ardhi ya wakfu. Mwanzoni wengi walikaa bila kulipa chochote. Mji ulipopanda thamani, wenye ardhi na mawakala wao walianza kudai kodi ya kiwanja na kuipandisha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa. Mgomo ulifikia kilele mwaka 1928. Na serikali ya kikoloni ikalazimika kuweka kikomo cha kodi hizo. Mombasa nako kukakua utaratibu ambao hadi leo una jina la waziwazi: nyumba bila ardhi. Mtu alimiliki kuta na paa, akapangisha vyumba, huku akilipia ardhi kila mwezi kwa mwingine.

Kariakoo haikuwa mbali na hapo. Wenye nyumba walikishika kiwanja kutoka serikalini kwa muda mfupi na kukilipia kodi, kwa hiyo hata aliyeitwa mwenye nyumba alikuwa mpangaji wa ardhi. Chini yake alikaa mpangaji wa chumba. Ngazi hiyo ya wapangaji inaeleza kwa nini uani hapakuonekana bustani zilizochimbiwa chini kama zile za mabwana wa Kizungu kule Oysterbay na ufukweni. Ukikuta mwembe au mkungu katikati ya ua wa Kariakoo, ujue mwenye nyumba ndiye aliyeupanda, au aliukuta. Kivuli kilikuwa cha wote. Matunda yaliliwa kwa idhini yake.

Mpangaji akaenda na mimea ya aina nyingine. Mchicha, unaovunwa ndani ya wiki chache. Bamia na pilipili kandokando ya bafu, mahali penye maji ya kuogea. Mchaichai wa chai ya jioni. Mrehani kwa ajili ya vikuba, mvumbasi kwa sababu mbu hawaupendi, shubiri kwa vidonda na kwa kumwachisha mtoto ziwa. Mpapai uliruhusiwa kwa kuwa huzaa upesi na hufa upesi, na hakuna aliyewahi kudai ardhi kwa sababu ya mpapai. Vingi vya hivi vilikaa katika madebe, vyungu vilivyovunjika midomo na masufuria yaliyotoboka. Siku ya kuhama vilipandishwa mkokoteni pamoja na kitanda. Anayeyaona madebe yale kama alama ya umaskini amekosea: yalikuwa ni jibu la watu waliojua sheria ya ardhi vizuri sana, na waliotaka harufu ya asumini hata hivyo.

Utawala wa ua ulikuwa mikononi mwa mwanamke. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zilikuwa mali ya wanawake, walionunua kwa biashara ya chakula, pombe na mikeka, au walioachiwa na waume na wazazi. Mama mwenye nyumba ndiye aliyepanga zamu ya kufagia, zamu ya kuosha choo, saa ya kuzima koroboi, na nani aanike wapi. Aliyekuja na tabia ngumu alisemwa, kwanza kwa kanga, kisha kwa mdomo, kisha akaambiwa atafute chumba kwingine. Mpangaji alimwita mama hata kama wamelingana umri, na aliyeondoka kwa wema alirudi kumwamkia sikukuu.

Mwaka 1955, chama cha TANU kilipoanzisha tawi la wanawake, kiongozi wake Bibi Titi Mohamed hakuanza kwa kuandika barua. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, akaenda kwa viongozi wa vikundi vingine vya ngoma na taarabu vya mjini, na kupitia kwao wanachama wakamiminika kwa maelfu katika muda wa miezi michache. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyezungumza na wanawake hao baadaye, alikuta kwamba wengi wao walikuwa watu wazima, wenye nyumba zao au biashara zao ndogo, waliozoea kuamua mambo. Haishangazi. Mwanamke aliyekwisha kupatanisha familia sita juu ya kamba moja ya nguo alikuwa na mazoezi ya uongozi ambayo hakuna shule ya wakati ule iliyoyafundisha.

Serikali ya kikoloni iliutazama ua kwa jicho la ugonjwa. Bwana Afya alipita nyumba kwa nyumba akifunua mapipa, akimwaga maji yaliyotuama kwenye madebe na vifuu, akitafuta viluwiluwi vya mbu. Faini ilikuwapo. Sababu za kitabibu zilikuwa za kweli, maana malaria iliua watoto. Ila pipa alilomwaga ndilo lililokuwa maji ya kufulia ya siku mbili, na mabomba ya mitaa ya Waafrika yalikuwa machache mno kwa idadi ya watu. Wapangaji wakajifunza kufunika mapipa kwa ungo au kwa kitambaa kilichofungwa kamba, na desturi hiyo imebaki.

Serikali ileile ilipoanza kujenga yenyewe, kuelekea mwisho wa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, ilileta kota: Ilala, Temeke, Magomeni. Zilikuwa nyumba za chini za safu, zilizokusudiwa wafanyakazi wa mshahara. Kilichofuata ni somo zuri kwa wachoraji wa ramani. Watu wakaongeza nyuma mabanda ya jiko, wakazungusha makuti na mabati, wakapanda mpapai, na baada ya miaka kadhaa kota ikawa na nyua zake. Hawakungoja ruhusa.

Baada ya uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilianza kubomoa nyumba za udongo Magomeni na kwingineko na kujenga mahali pake nyumba za matofali ya saruji na mabati. Kwa jambo moja wajenzi hao walifanya busara: waliacha mpango wa zamani, vyumba mbele na ua nyuma. Kazi ilikuwa ya gharama, na kwa kuwa kila nyumba mpya ilitanguliwa na kubomoa iliyokuwapo, idadi ya vyumba vya mji haikuongezeka kwa kadiri iliyotarajiwa. Kabla ya muongo kuisha mradi ukapungua nguvu. Lakini saruji ilikuwa imeshaingia. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966, na kidogo kidogo nyua za Dar es Salaam zikaanza kumwagiwa sakafu. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa kwa anayefua na kufagia. Tope liliisha, karo la kufulia likajengwa, mtoto akatambaa bila funza. Mchicha ukahamia kwenye madebe moja kwa moja.

Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba za udongo na saruji za uswahilini hazikufika kiwango hicho, hivyo mama mwenye nyumba wa Kariakoo na Ilala alibaki na yake. Miaka michache baadaye ukaja mpango wa viwanja vilivyopimwa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliozaa Sinza ya leo na kuboresha Manzese. Viwanja vya Sinza vilikuwa na nafasi, na wengi walijenga mbele nyumba ya familia wakiacha nyuma ua mpana.

Ua huo haukudumu. Mji uliokuwa na watu wapatao 272,000 mwaka 1967 ulikuwa umezidi maradufu kufikia mwaka 1978, na kila mwenye nyumba aligundua kwamba nafasi iliyo nyuma inaweza kuzaa kodi. Likajengwa banda la uani la vyumba viwili, kisha vinne, vikipangishwa kwa bei ya chini kuliko vya nyumba kubwa. Tangu hapo mtu akisema anakaa vyumba vya uani, msikilizaji anaelewa kipato chake bila kuelezwa. Hakuna sheria wala amri iliyowahi kupunguza nafasi ya watoto kucheza kama yalivyofanya mabanda hayo, na hakuna wa kulaumiwa kwa wepesi: aliyejenga alihitaji kodi, na aliyepanga alihitaji pa kulala.

Pamoja na kubanwa hivyo, kipindi kigumu kilipofika ua ndio uliowabeba watu. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bidhaa zilipotea madukani na mshahara wa mwezi haukufikisha familia katikati ya mwezi. Aili Mari Tripp, mtafiti aliyeishi na kuuliza watu wa Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, alieleza jinsi miradi midogo midogo ya nyumbani, mingi ya wanawake, ilivyopita mshahara wa baba kwa umuhimu. Miradi hiyo ilihitaji uwanja. Maandazi na vitumbua vilikaangwa uani saa kumi alfajiri. Kashata zilikatwa uani, kuku walifugwa kwenye banda la wavu karibu na choo, na kwenye nyumba zenye nafasi hata ng'ombe wa maziwa alifungwa. Mpangaji alilazimika kujadiliana: moshi wako, kuku wako, wateja wako wanaopita ukumbini kwangu. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote, na mengi yalishika.

Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Kariakoo ikaanza kupanda juu. Nyumba za vyumba sita zilinunuliwa moja moja, zikabomolewa, na ghorofa zikajaza kiwanja chote hadi mpakani. Anayetembea leo kutoka Msimbazi hadi soko kuu, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, anaweza bado kuona nyumba chache za chini zikiwa zimebanwa kati ya majengo marefu. Uani mwake jua hufika saa sita tu. Kwingine mjini, matangazo ya madalali yanasifu chumba masta, choo ndani, fensi, geti na peving. Kila moja ya sifa hizo ina faida yake, hasa kwa mama anayeoga usiku bila kuvuka uwanja wa giza. Ila ukizihesabu zote kwa pamoja unaona kilichoondoka: jiko limeingia ndani, kufua kumeingia ndani, na uwanja uliobaki, ukiwa umetandazwa vitofali, ni wa kuegesha gari la mwenye nyumba.

Magomeni Kota inaonyesha mabadiliko hayo mahali pamoja. Nyumba za zamani zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na baada ya kungoja kwa muda mrefu familia 644 zilizokuwa zikikaa pale zilifunguliwa majengo mapya ya ghorofa mwezi Machi 2022. Maji yapo, umeme upo, kuta ni imara. Kwa familia iliyozoea kichanja, karo na mpapai, maswali ni mengine: unga wa muhogo utaanikwa wapi, msiba utakaa wapi, mtoto wa miaka minne atachezea wapi mama akimwona. Ngazi na korido za ghorofa zimeanza kujibu kwa njia zilezile za zamani, kwa ndoo za plastiki zilizotobolewa na kujazwa udongo, kwa viroba vya mchicha kwenye vibaraza vya juu, kwa kamba za nguo zinazovuka kutoka nondo hadi nondo.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam. Wapangaji wengi miongoni mwao hulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na karatasi wanayotia saini inataja kiasi, muda, bili za umeme na maji, na marufuku ya kubadili jengo bila idhini. Ua hautajwi, kama ambavyo haukutajwa katika miaka ya 1950. Zamani ukimya huo haukumuumiza mtu, kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa chumba cha mbele na jambo lilisemwa jioni likaisha. Leo mwenye nyumba yuko Mbezi, au Mwanza, au Muscat, na anayekuja kuchukua kodi ni kijana wake. Mpangaji aliyemwaga saruji nyuma ya nyumba, akajenga upenu na karo, anaweza kuongezewa kodi mwaka unaofuata kwa sababu ya kazi yake mwenyewe. Mistari mitatu ingetosha kumlinda: sehemu gani ya uwanja ni ya nani na kwa saa zipi, nini kinaweza kupandwa chini na nini kwenye vyungu, na saruji, bati na mbao za mpangaji zitakatwaje kwenye kodi au zitaondolewaje akihama. Mwenyekiti wa mtaa anayegonga muhuri kwenye mikataba hiyo anaweza kuanza kuiuliza kesho asubuhi.